Kipara Hakina Chama

Picha ya skinihedi imeshafika kwetu Ilembo. Imekuja na filamu zinazorushwa kutoka simu hadi simu: Mzungu aliyenyoa kipara, buti zimemfika nusu ya muundi, mikanda ya mabegani imeshika suruali, mkono umenyooshwa juu kwa saluti ya Hitler. Kutokana na picha hiyo moja yamezaliwa madai mengi, na nikiyasikia kijiweni au kwenye vibanda vya mitumba hapa mjini Mpanda, naona yanachanganya vitu viwili: mtindo wa vijana, na siasa iliyouteka mtindo huo. Nataka kuyajibu madai hayo. Katika damu iliyomwagika kwenye historia hii imo damu ya watu wa Afrika Mashariki, na anayepotosha habari ya nani alimpiga nani, na kwa nini, humsaidia mpigaji.

"Maskinihedi walikuwa Wanazi tangu siku ya kwanza."

Hapana. Walipoanza kuonekana London na katika miji mingine ya Uingereza kati ya 1968 na 1969, muziki waliouchezea ulikuwa wa watu weusi wa Jamaica. Habari yenyewe inaanzia miaka 20 nyuma. Juni 1948 meli Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibi, na katika miaka iliyofuata maelfu wengine wakaja kuendesha mabasi, kuuguza wagonjwa na kufanya kazi viwandani. Wenye nyumba wengi walikataa kuwapangishia. Wakaishia kwenye vyumba vibovu vya Brixton, Notting Hill na Birmingham, ukuta kwa ukuta na Wazungu maskini. Watoto wao walisoma shule moja na watoto wa Kizungu, wakacheza mpira kwenye viwanja vilevile, na walipokua wakaingia kumbi zilezile za dansi.

Kwenye kumbi hizo palipigwa ska, muziki wa haraka uliotoka Kingston, ambao baadaye ulipunguza mwendo ukawa roki stedi, na kufikia 1968 ukawa rege. Kijana wa Kizungu, mtoto wa kuli wa bandarini, hakuwa na fedha za suti za vijana wa mod waliotamba katikati ya miaka ya 1960. Alimtazama Mjamaika aliyekuwa jirani yake: nywele zimekatwa fupi, suruali inaishia juu ya kifundo, kofia ya ukingo mdogo imelazwa upande, mwendo wa mtu anayejiamini. Akauchukua mtindo huo, akauchanganya na nguo za kazi za baba yake. Hapo ndipo alipotoka skinihedi wa kwanza.

Kampuni ya santuri ya Trojan, iliyoundwa mwaka 1968 na Lee Gopthal, mzaliwa wa Jamaica mwenye asili ya Kihindi, ilikuta wateja wake wengi ni vijana hawa wenye vipara. Aprili 1969 Desmond Dekker alishika namba moja Uingereza kwa wimbo wake Israelites. Laurel Aitken, aliyezaliwa Cuba na kukulia Jamaica, aliwarekodia nyimbo zilizowataja waziwazi. Bendi ya Symarip, ya vijana weusi watupu, ilitoa Skinhead Moonstomp. Wanamuziki weusi waliwaimbia vijana hawa kwa jina lao, nao wakanunua santuri na kucheza hadi jasho likawatoka. Miongoni mwao walikuwemo pia maskinihedi weusi, watoto wa familia za Karibi. Mnazi hajengi harakati zake kwa sauti ya Desmond Dekker.

"Basi walikuwa watu wema tu, wakaja kuharibiwa na wanasiasa."

Dai hili hupendwa na wapenzi wa muziki huo, nami ni mmoja wao, lakini halisimami. Kati ya 1969 na 1970, baadhi ya vijana waliokuwa wakicheza rege na Wajamaika walikuwa pia wakitoka usiku kuwawinda Wapakistani, Wahindi na watu wa Bengali ya Mashariki. Waliufanya mchezo, wakaupa hadi jina. Aprili 1970, mashariki mwa London, Tosir Ali, mfanyakazi wa jikoni aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini, aliuawa kwa kisu, na mwaka huo magazeti yalijaa habari za mashambulizi ya namna hiyo. Mwasia hakuwa na santuri waliyoitaka, hakuzungumza kwa lafudhi waliyoiiga, hakuonekana kwenye kumbi zao. Wakamwona mgeni na mtu wa kulengwa kwa urahisi. Vijana wengine wa kundi hilo hawakushiriki, lakini nao walinyamaza.

Kwa hiyo ukweli una pande mbili, na anayetaja upande mmoja peke yake anadanganya. Mtindo ulizaliwa katika ujirani wa weusi na weupe, na tangu mapema ulibeba ukatili dhidi ya watu wengine wenye ngozi isiyo nyeupe. Walichokifanya wanasiasa baadaye ni kuuchukua ukatili huo uliotawanyika mitaani, kuupa bendera, gazeti na kadi ya uanachama. Chama cha National Front kilikuwepo tangu 1967, chama cha wazee wenye ndoto za himaya. Mtindo wa kipara ulipofufuka mwishoni mwa miaka ya 1970, pamoja na muziki wa panki, chama hicho kilianzisha tawi la vijana mwaka 1977 na gazeti lake Bulldog, likauzwa nje ya viwanja vya mpira na kwenye matamasha. Wakafuatwa vijana waliokuwa hawana kazi, wakaambiwa nani wa kumlaumu.

"Muziki ni muziki tu, hauna siasa."

Msikilizaji anaweza kuwa hana siasa. Aliyepanga tamasha, akakusanya kiingilio na kuamua fedha ziende wapi, anayo. Skrewdriver ilianza mwaka 1976 kama bendi ya panki kutoka Lancashire, haina habari na Hitler. Mwimbaji wake, Ian Stuart Donaldson, aliifufua miaka michache baadaye akiwa mfuasi wa National Front, na mwaka 1987 akashiriki kuanzisha mtandao wa Blood & Honour, ambao kwa matamasha na santuri ulisambaza chuki kutoka Uingereza hadi Ujerumani, Skandinavia na Marekani. Kijana aliyekuja kwa ajili ya gitaa aliondoka na kijarida mfukoni. Fedha ya tiketi yake ilikwenda kuchapisha kingine.

Waliolielewa hilo mapema walijibu kwa silaha hiyohiyo. Agosti 1976 Eric Clapton, mtu aliyetajirika kwa muziki wa weusi na aliyekuwa amepata umaarufu mpya kwa kuimba wimbo wa Bob Marley, alisimama jukwaani Birmingham akamsifia mwanasiasa mpinga wageni Enoch Powell na kutaka wageni wafukuzwe. Hasira iliyofuata ilizaa Rock Against Racism, na Aprili 30, 1978 makumi ya maelfu ya watu waliandamana hadi Victoria Park, mashariki mwa London, kuwasikiliza The Clash, Steel Pulse na wengine. Mwaka uliofuata, katika mji wa viwanda wa Coventry, Jerry Dammers wa bendi ya The Specials alianzisha kampuni ya 2 Tone. Weusi na weupe walisimama jukwaa moja wakipiga ska ileile ya Kingston kwa kasi ya panki. Pauline Black, mwanamke ambaye baba yake alikuwa Mnigeria, aliongoza bendi ya The Selecter mbele ya vijana wenye vipara. Kuna usiku walipowekewa saluti za Hitler kutoka chini ya jukwaa, na wapo wanamuziki wa 2 Tone waliosimamisha nyimbo katikati kuwakabili wenye mikono hiyo. Nawaheshimu sana kwa hilo. Ni rahisi kukataa ubaguzi kwenye mahojiano. Kuukataa mbele ya umati uliolewa, uliolipa kiingilio, kunahitaji moyo mwingine.

"Ukiona mavazi yake, umeshaijua siasa yake."

Buti za Dr. Martens zilibuniwa na daktari wa Kijerumani, Klaus Märtens, baada ya kuumia kifundo cha mguu mwaka 1945, na zikaanza kutengenezwa Uingereza Aprili 1, 1960 kwa ajili ya watu wanaosimama siku nzima kazini: maposta, mafundi, wafanyakazi wa viwanda. Mashati ya Ben Sherman, yenye kola ya vifungo, ambayo Wanazi mamboleo wameyavaa kwa fahari, yalibuniwa na Myahudi aliyezaliwa akiitwa Arthur Benjamin Sugarman. Jinzi za Levi's zinabeba jina la Myahudi mwingine, mhamiaji kutoka Bavaria. Fred Perry, ambaye jina lake liko kwenye fulana za polo, alikuwa bingwa wa tenisi, mtoto wa mbunge aliyetoka vyama vya ushirika vya wafanyakazi. Ukizitandika nguo hizo zote juu ya turubai kwenye soko letu la mitumba, hutapata hata moja iliyozaliwa na chuki. Kijana wa Ilembo anayenunua buti nyekundu zenye matundu manane, kwa sababu ni ngumu na masika yanakaribia, hajajiunga na chama chochote.

Na sisi tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu na hukumu za mavazi. Oktoba 1968, wakati vipara vilipokuwa vikianza kuonekana London, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyotakiwa kuanza Januari 1, 1969, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Mwezi huohuo wa Oktoba, kabla hata tarehe ya kuanza kufika, vikundi vya vijana wa kiume viliwavamia wasichana Kariakoo kwa sababu ya urefu wa sketi zao. Waliofanya hivyo waliamini wanailinda heshima ya taifa. Msichana aliyekuwa akisubiri basi hakuwa ameitukana nchi, na kijana aliyemrarulia nguo hakuwa amejenga ujamaa. Siasa ya mtu iko kwenye anachofanya mkono wake, na mwaka ule tulishindwa kuliona hilo.

Maskinihedi wanaopinga ubaguzi waliamua kutoyaacha mavazi mikononi mwa wabaguzi. Mwaka 1987 mjini New York kulianzishwa kundi la SHARP, la maskinihedi wa rangi zote walioukataa ubaguzi, na Roddy Moreno wa bendi ya The Oppressed kutoka Cardiff akaupeleka wito wao Uingereza na Ulaya. Nembo waliyoichagua ilitokana na kofia ya chuma iliyo kwenye nembo ya kampuni ya Trojan. Katika miaka hiyohiyo, Minneapolis, vijana wa kundi la Baldies, weusi kwa weupe, waliwakabili wabaguzi wenye vipara mitaani mwao hadi wakawaondoa, na kutoka kwao ukakua mtandao wa Anti-Racist Action. Mpita njia aliyehukumu kwa kuangalia kichwa na viatu angewaogopa watu waliokuwa wakimlinda.

"Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu."

Hili ndilo dai ninalolipinga kwa nguvu zaidi kuliko yote, kwa sababu kuni za moto ule zilitoka kwetu.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana watu wasio raia. Waasia wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walikuwa na pasipoti za Uingereza, walizopewa wakati wa uhuru. Wakaanza kuondoka. London ikashikwa na hofu, na ndani ya siku tatu Bunge likapitisha sheria ya kuwafungia mlango, ikaanza kazi Machi 1, 1968. Raia wa Uingereza walizuiwa kuingia Uingereza kwa sababu babu zao hawakuzaliwa huko. Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona baadaye, mwaka 1973, kwamba kuwatenga kwa misingi ya rangi kulikuwa kuwadhalilisha, na kesi hiyo inajulikana hadi leo kwa jina la Waasia wa Afrika Mashariki. Wiki saba baada ya sheria kuanza, Aprili 20, Enoch Powell alitoa hotuba yake ya Birmingham ya kutisha watu kuhusu wageni, na siku tatu baadaye makuli wa London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Watoto wa makuli hao walikuwa umri wa kunyoa vipara.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Wachukuzi wa soko la nyama la Smithfield waliandamana kuwapinga. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifika mahali pa kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. National Front ikapata chakula ilichokuwa ikikililia: mwaka 1973 mgombea wake alipata asilimia 16 katika uchaguzi mdogo wa West Bromwich, na mwaka 1976 chama kilipata takriban asilimia 18 ya kura za udiwani Leicester. Tawi la vijana lililowafuata wenye vipara lilizaliwa mwaka uliofuata.

Hapa nasikia mtu akisema, kama nilivyowahi kusikia: Wahindi wale walikuwa wanyonyaji, walipata walichostahili. Wapo Watanzania waliofikiria hivyo pia mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo na tukaanza kuishi kwenye nyumba za Msajili. Mjadala juu ya mali ni halali. Lakini Amin hakuchambua nani alinyonya na nani alikuwa fundi cherehani, karani au mwalimu. Alitazama rangi. Mwalimu Nyerere aliliona hilo palepale na kulilaani hadharani kuwa ni ubaguzi wa rangi, bila kujali kwamba kufanya hivyo hakukuwa na faida yoyote kwake kisiasa. Mtu hawezi kumlaani skinihedi wa Southall na kumpigia makofi Amin. Mmoja alimfukuza Mwasia Kampala kwa kuwa si Mwafrika, mwingine akampokea London kwa buti kwa kuwa si Mzungu, na aliyepigwa pande zote mbili alikuwa mtu yuleyule.

Southall, magharibi mwa London, ni mahali pa kuangaliwa kwa karibu. Huko walihamia Wapunjabi kutoka India na wengine kutoka Nairobi na Nakuru, Makalasinga ambao babu zao walifanya kazi kwenye reli ya Uganda. Juni 4, 1976 Gurdip Singh Chaggar, kijana wa miaka 18, aliuawa kwa kuchomwa kisu barabarani. Vijana wenzake wakaunda umoja wao wa kujilinda, Southall Youth Movement. Aprili 23, 1979 National Front ilifanya mkutano katika ukumbi wa mji huohuo, polisi wakaulinda mkutano na kuwapiga waandamanaji, na mwalimu Blair Peach kutoka New Zealand akafa kwa pigo la kichwani. Kisha Julai 3, 1981 bendi tatu za muziki wa Oi!, tawi la panki lililopendwa na maskinihedi, yaani The 4-Skins, The Business na The Last Resort, zikaandaliwa onyesho kwenye baa ya Hambrough Tavern. Wapenzi wao walifika kwa mabasi, baadhi wakavunja vioo vya maduka ya Waasia njiani. Vijana wa Southall hawakukimbia. Usiku ule baa iliteketezwa kwa mabomu ya petroli.

Bendi zile zilisema baadaye kwamba hazikuwa za kibaguzi, na muziki wa Oi! kweli ulikuwa na bendi nyingi zisizotaka habari za National Front. Nakubali. Lakini miezi michache tu kabla ya hapo albamu moja ya mkusanyiko wa muziki huo ilikuwa imetoka ikiwa na picha ya Nicky Crane, mwanaharakati wa kundi la Wanazi mamboleo la British Movement, kwenye jalada, na jina la albamu likichezea kaulimbiu ya Wanazi. Ukiwaacha watu kama hao wakae kwenye jalada lako, usishangae mwenye duka asipongoja kukuuliza msimamo wako unapoteremka kwenye basi.

Waafrika weusi nao hawakusalimika. Novemba 13, 1988, mjini Portland, Marekani, Mulugeta Seraw, Mhabeshi wa miaka 28 aliyekwenda huko kusoma, alipigwa kwa gongo la besiboli na maskinihedi watatu wa kundi la East Side White Pride hadi akafa. Kwenye kesi ya madai ya mwaka 1990 ilidhihirika kwamba Tom Metzger, kiongozi wa kundi la White Aryan Resistance huko California, alikuwa ametuma mtu Portland kuwapanga vijana hao, na baraza la mahakama likaamuru fidia ya dola milioni 12.5. Nalitaja hilo kwa wanaodhani kipigo cha mtaani ni ghadhabu ya usiku mmoja: aliyeshika gongo alikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo alivaa suti. Juni 2000, katika bustani ya mji wa Dessau, Ujerumani, vijana watatu walimpiga na kumvua nguo Alberto Adriano, jirani yetu kutoka Msumbiji aliyekuwa ameishi nchi hiyo tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Alikufa siku tatu baadaye, akaacha mke na watoto. Wasomalia, Waeritrea na Wakongo walioko Ulaya wanajua kwa nini simulizi hizi hazihitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni umaskini uliowafanya hivyo. Wageni walikuja kuchukua kazi zao."

Umaskini ulikuwepo, na viwanda vilikuwa vinafungwa kweli. Lakini kama umaskini ndio unaozaa chuki, wenye chuki wangekuwa weusi wa Brixton, waliokosa kazi kuliko Wazungu. Na makuli walewale wa London wanatoa jibu bora kuliko langu. Agosti 1976 wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, waligoma. Wengi wao walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na kiongozi wao, Jayaben Desai, mwanamke mfupi mwenye sari na mkoba mkononi, alikuwa ameishi Tanzania kabla ya kwenda Uingereza. Maposta wa Cricklewood walikataa kubeba barua za kiwanda hicho, ingawa sheria iliwatishia. Julai 1977, kwenye maandamano makubwa nje ya lango la Grunwick, bendera ya wawakilishi wa makuli wa Royal Docks ilikuwa mstari wa mbele. Miaka tisa kabla, makuli wa London walikuwa wameandamana kwa ajili ya Powell. Ufukara wao haukuwa umepungua. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kulikuwa na watu waliowaendea, wakazungumza nao na kuwaonyesha nani hasa aliyekuwa akiwapunja wote kwa pamoja. Mgomo ulishindwa mwaka 1978, lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba mfanyakazi mweupe hakuwa na njia nyingine ila ya National Front.

Sisi wa Mpanda tuna haki ya kulizungumzia hili kwa sauti. Mwaka uleule wa 1972 Uingereza ilipotetemeka kwa watu 28,000, Wahutu walikuwa wakikimbia mauaji Burundi na kuvuka kuingia Tanzania, nchi iliyohesabu watu milioni 12 kwenye sensa ya 1967. Makazi ya Katumba yalifunguliwa muda mfupi baadaye katika wilaya yetu ya wakati huo, na Mishamo yakafuata mwishoni mwa muongo. Watu walikata msitu, wakalima mahindi na tumbaku, na mahindi yao yameulisha mji huu kwa miaka mingi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kutoka makazi hayo na Ulyankulu walithibitishiwa uraia. Hatukuwafungia mlango kwa sheria ya siku tatu. Lakini sisi nasi hatuko safi: kwa miongo mingi walihitaji kibali cha kutoka nje ya makazi, na hadi leo mtu aliyezaliwa Katumba, mwenye cheti cha uraia, huitwa mkimbizi anapogombea na mtu sokoni. Neno hilo likitamkwa kwa ajili ya kumnyamazisha, linafanya kazi ileile iliyofanywa na kelele za Smithfield.

"Yote hayo ni ya zamani, maskinihedi wamekwisha."

Vipara vimepungua, hilo ni kweli. Ndani ya Ujerumani wabaguzi wengi waliachana na buti na majaketi ya nailoni kwa sababu polisi waliwatambua upesi mno. Wauaji wa kundi la Wanazi mamboleo la NSU, waliokulia katika mazingira ya vijana wa siasa kali wa miaka ya 1990, waliua watu kumi kati ya 2000 na 2007, tisa wakiwa wenye asili ya Uturuki na Ugiriki, na waligundulika mwaka 2011 tu. Kwa miaka hiyo yote polisi walizishuku familia za waliouawa, huku majirani wa wauaji wakiwaona watu wa kawaida waliokwenda likizo baharini.

Julai 29, 2024 wasichana watatu waliuawa kwenye darasa la dansi Southport, Uingereza. Saa chache baadaye ulienea uongo kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa mashua. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff, wazazi wake wakitoka Rwanda. Uongo ulitosha. Misikiti ilishambuliwa, na Agosti 4 umati ukajaribu kuichoma moto hoteli ya Rotherham waomba hifadhi wakiwa ndani. Tazama picha za umati ule: raba, kaptula, majaketi ya michezo, akina baba wa makamo. Anayetafuta kipara na buti angewapita wote bila kuwashuku. Kisha zilisambazwa orodha za kushambuliwa za ofisi zinazohudumia wahamiaji, maduka yakafunga mapema, na jioni ya Agosti 7 maelfu ya wakazi wa Walthamstow, London, wa kila rangi, walijaa barabarani kuilinda ofisi iliyotajwa mtaani kwao. Washambuliaji hawakutokea.